Kazi Inayokubali Kukatizwa: Kusoma Knitter's Almanac

Knitter's Almanac ya Elizabeth Zimmermann ni kitabu chembamba chenye sura kumi na mbili, sura moja kwa kila mwezi, na kila mwezi una kitu chake cha kufuma. Januari ni sweta zito la mtindo wa visiwa vya Aran, Ireland. Februari ni nguo za watoto wachanga. Mei ni glovu za baridi ya mwaka unaofuata. Julai ni shali ya duara. Novemba ni soksi. Desemba ni zawadi za dakika za mwisho, kwa wale ambao Krismasi imewakuta bado wanajiuliza. Kilitoka Marekani mwaka 1974. Nakala yangu ni ya toleo la Dover la mwaka 1981, na niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Dar es Salaam, ikiwa imebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na kitabu cha maombi. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni fundi cherehani.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Vitabu vya aina hii hukaa kwenye rafu za ufundi, jirani na vya kudarizi na kupika keki, na anayekifungua hiki kutafuta maelekezo atayapata. Lakini nimekisoma mara tatu sasa bila kushika sindano, na kila mara nimekisoma kama insha. Ni insha moja ndefu juu ya mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba yenye watu. Katika masomo yetu ya uzamili tumepitia mengi kuhusu maisha ya kila siku katika fasihi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo huyaona maisha ya kila siku kama kizuizi: mtoto analia, maji yanachemka, mgeni anabisha hodi, na sentensi nzuri inapotea. Zimmermann anaanzia upande mwingine kabisa. Kwake mtoto, maji na mgeni wamo kwenye hesabu tangu mwanzo. Hilo ndilo linalonifanya nimtetee hapa, na hilo hilo ndilo litakalonifanya nimlaumu mbele kidogo.

Kwa ufupi, yeye ni nani. Alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akasoma sanaa Uswisi na baadaye Munich, akaolewa na Mjerumani, Arnold Zimmermann, fundi mkuu wa kutengeneza bia. Mwaka 1937 wakahamia Marekani. Wakapata watoto watatu, wakaishia jimbo la Wisconsin, na baada ya miaka mingi wakaishi kwenye jengo lililokuwa shule, ndiyo maana kampuni yake ndogo ya vitabu na nyuzi iliitwa Schoolhouse Press. Alifariki mwaka 1999.

Kisa kimoja cha maisha yake kinafaa kujulikana kabla ya kufungua kitabu. Miaka ya 1950 aliuza maelekezo ya sweta kwa gazeti la wanawake. Sweta lake lilifumwa kwa mzunguko, yaani kama bomba moja lisilo na mshono, kwa sindano iliyounganishwa ncha zake kwa waya. Wahariri waliona wasomaji wao hawatalielewa, wakaligeuza: mbele peke yake, nyuma peke yake, mikono peke yake, halafu vyote vishonwe pamoja. Kila mwandishi aliyewahi kurudishiwa insha iliyohaririwa hadi haimtambui aliyeizaa ataelewa alivyojisikia. Mwaka 1958 akaanza kutoa jarida lake mwenyewe la barua, akiandika anavyotaka.

Kwa asiyefuma, ugomvi huo unaweza kuonekana wa bure. Sweta si sweta tu? Lakini hebu fikiria. Unapofuma vipande bapa, unakwenda hadi mwisho wa mstari, unageuza kazi, unarudi kwa kitanzi cha namna nyingine, unageuza tena. Nusu ya muda unatazama mgongo wa nguo. Ukiitwa jikoni katikati ya mstari, ukirudi lazima ujiulize: nilikuwa nakwenda au narudi? Katika mzunguko hakuna kwenda wala kurudi. Uso wa nguo unakutazama muda wote, na ukirudi baada ya dakika mbili au baada ya msiba wa siku tatu, unaona moja kwa moja ulipofika. Wafumaji wakisifia mzunguko hutaja kwanza kwamba haudai kushona vipande mwishoni. Mimi naona sifa kubwa ni hii nyingine. Ni namna ya kufuma inayomkumbuka mtu aliyeitwa.

Nilipokisoma kitabu mara ya kwanza nilidhani miezi yake inafuata hali ya hewa tu. Kwa kiasi inafuata, maana Wisconsin ni jimbo la theluji na asiye na sweta huko hana mchezo. (Januari ya Dar, nikiwa chini ya feni, sura ya sweta la Aran ilinitoa jasho.) Lakini mbona glovu zinafumwa Mei, na sweta la kuteleza nalo kwenye theluji linafumwa Agosti? Unaweza kujibu kwamba mtu mwenye busara hujiandaa mapema. Ni kweli, ila jibu hilo halielezi kwa nini kofia za Juni na shali ya Julai anaziita wazi kazi za safarini. Kinachopangwa hapa zaidi ya baridi ni umakini. Zimmermann anajiuliza: mwezi huu nyumba itaniachia kiasi gani cha akili yangu? Januari theluji imefunga barabara, wageni hawaji, basi chukua Aran, yenye vitanzi vinavyopishana na kusukana kiasi kwamba ukitazama pembeni umepotea. Juni na Julai watu wako safarini, wako kwenye mahema na mitumbwi, kila mtu anaongea. Basi chukua kitu kinachoweza kufumwa macho yakiwa kwa mtu mwingine.

Shali ya Julai ni kati ya kazi zilizompa umaarufu mkubwa, na inastahili nafasi hapa. Inaitwa Pi, kwa jina la ile namba ya duara tuliyokaririshwa sekondari. Msingi wake ni kwamba nusu kipenyo cha duara kikizidi mara mbili, mzingo nao unazidi mara mbili. Kwa hiyo hana haja ya kuongeza kitanzi kimoja hapa na kimoja pale, mzunguko baada ya mzunguko. Unaanza na vitanzi 9. Unafuma kidogo, unaviongeza kwa mara moja kuwa 18. Unafuma mizunguko 3, vinakuwa 36. Mizunguko 6, vinakuwa 72. Mizunguko 12, vinakuwa 144. Mizunguko 24, vinakuwa 288. Mizunguko 48, vinakuwa 576.

Itazame hesabu hiyo kwa jicho la mtu mwenye familia. Mwanzoni, duara likiwa dogo kama kisahani, maamuzi yanakuja haraka haraka na unahitaji utulivu wa nusu saa. Kadiri shali inavyokua, vipindi vya kutofikiri vinarefuka. Ile mizunguko 48 yenye vitanzi 288 kila mmoja, ukiifuma bila nakshi, ni vitanzi 13,824 ambavyo ndani yake hakuna jambo hata moja la kukumbuka. Unaweza kuvifuma ukisikiliza ugomvi wa watoto, ukimwelekeza mtu njia, ukichungulia chungu. Sijui shairi lolote lenye umbo la namna hii, linalodai umakini wote mwanzoni halafu linamwachia msomaji uhuru unaozidi kukua. Pengine baadhi ya tenzi ndefu, kwa kiasi, kwa yule aliyezizoea tangu utotoni.

Namna anavyoandika nayo inafuata akili hiyo hiyo. Kila mradi huelezwa mara mbili. Kwanza anausimulia kwa nathari, polepole, na ndani ya masimulizi hayo nyumba imo: nani amekuja, hali ya hewa ikoje, kwa nini alibadili mawazo yake kuhusu shingo ya sweta. Halafu, anapomaliza, anakupa maelekezo mafupi yaliyokaushwa, namba na vitendo tu. Wakosoaji wa ufundi husema sehemu ya kwanza ni ya burudani na ya pili ndiyo ya kazi. Mimi nimejaribu kuzisoma sambamba, kama tunavyofundishwa kulinganisha matini mbili za kisa kimoja, na nimeona kitu. Katika toleo fupi hakuna sababu. Linakwambia ufume hivi inchi kadhaa. Toleo refu linakwambia kwa nini kadhaa hizo, na nini kitatokea ukizidisha, na kwamba hakuna polisi wa sindano atakayekukamata. Ukiwa na toleo refu unaweza kukosea na kujitoa. Ukiwa na fupi tu, ukikatizwa na kupoteza mahali, umekwisha. Yaani yale yanayoonekana kuwa maneno ya ziada, habari za nyumbani na michepuko, ndiyo yanayobeba maarifa ya mtu anayekatizwa.

Na ana ucheshi. Baada ya kukufundisha kukata sweta zima kwa mkasi ili kupata tundu la mkono, jambo linalomtisha mfumaji yeyote mwenye akili timamu, anakushauri ukajilaze kidogo kwenye chumba chenye giza.

Sasa tuilinganishe kalenda hii na soksi maarufu kuliko zote katika uhakiki wa karne ya 20. Iko kwenye riwaya ya Virginia Woolf, To the Lighthouse, ya mwaka 1927. Bi Ramsay, mama wa watoto wanane, anafuma soksi ya kahawia kwa ajili ya mtoto wa mlinzi wa mnara wa taa, mtoto anayehofiwa kuwa na kifua kikuu cha nyonga. Huenda kesho wakaenda mnarani kwa mashua, hali ya hewa ikiruhusu. Anaipima soksi kwenye mguu wa mwanawe James, mwenye miaka sita, na James hatulii. Bi Ramsay anainua macho, anaona viti vilivyochakaa, anamkumbuka msichana wa kazi ambaye baba yake anakufa huko kwao Uswisi, anamkaripia James, anapima tena. Soksi ni fupi mno.

Erich Auerbach aliifanya soksi hiyo kuwa jina la sura ya mwisho ya kitabu chake Mimesis, kilichotoka mwaka 1946. Aliandika akiwa Istanbul wakati wa vita, Myahudi aliyefukuzwa kwenye chuo kikuu cha Marburg. (Inanigusa kwamba mhakiki wa soksi na mfumaji wa Wisconsin wote waliiacha Ujerumani ya Hitler ndani ya miaka michache ya muongo mmoja.) Hoja yake ni kwamba tendo la nje, kupima soksi, ni dogo na halina uzito wake lenyewe; ni upenyo tu ambao fikra za watu hupitia. Tendo la sekunde chache linazungukwa na kurasa za mawazo, na hapo ndipo Auerbach anaona riwaya ya kisasa inapojitenga na riwaya za zamani. Ni uhakiki ninaouheshimu. Niliufanyia wasilisho la semina na tulibishana vizuri hadi mlinzi akaja kufunga darasa.

Lakini Auerbach hafumi. Kwa mfumaji, kupima si upenyo wa kitu kingine. Kupima ndiyo saa ya hukumu. Soksi ikiwa fupi, maana yake kuna mizunguko mingi mbele, na mashua ni kesho, na usiku una watu wa kulisha na mume anayekuja kutaka kuhurumiwa. Yale mawazo yote juu ya viti na baba anayekufa hayalizunguki tendo kama nzi. Ndiyo yanayolichelewesha. Soksi ni fupi kwa sababu ya nyumba ile. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya riwaya Bi Ramsay anamwambia mumewe kwamba hataimaliza, na katika sehemu ya pili tunaarifiwa kifo chake kwa sentensi iliyowekwa ndani ya mabano. Katika semina yetu watu kumi na moja tulizungumza saa mbili nzima na hakuna aliyeuliza juu ya mtoto wa mlinzi.

Woolf hakuwa mjinga wa sindano. Dada yake, Vanessa Bell, alimchora mwaka 1912 akiwa kitini na kazi ya mkono mapajani. Anajua anachokisema, na anachokisema ni kwamba nyumba humla mwanamke kidogo kidogo mpaka akaisha. Mbele ya hilo, furaha ya Zimmermann inaweza kuonekana nyepesi. Mimi nadhani anaongeza kitu ambacho Woolf hana, nacho ni ufundi wa kubaki hai. Kwa mfano, kwenye masweta alitumia asilimia badala ya vipimo vingi. Unapima kifua mara moja, unapata idadi ya vitanzi, unaiita 100. Kiwiko cha mkono, pale kwenye kiganja, ni 20 katika hizo 100. Shingo ni 40. Baada ya hapo huhitaji mtu asimame tena mbele yako. James akitaka kukimbia, na akimbie.

Nimefika mahali ambapo lazima nimtaje mama yangu, maana ndiye aliyenifanya nikinunue kitabu. Anaishi Njombe, ambako Juni na Julai huwezi kumbeba mtoto mchanga bila kumfunika hadi puani, na kwa miaka yote ninayoikumbuka amefuma seti za watoto: sweta, kofia na soksi. Hufuma akihesabu kwa sauti. Tulipokuwa wadogo tulijua kwamba kidole cha shahada kikiinuliwa juu, usiseme. Lakini tulikuwa watoto wanne, na kidole kimoja hakikutosha, kwa hiyo alijifunza kutujibu ndani ya hesabu: arobaini na moja, arobaini na mbili, chumvi iko juu ya kabati, arobaini na tatu, mwambie apite ndani, arobaini na nne. Hakupotea. Mgeni aliyekaribishwa kwenye arobaini na tatu aliketi, akasalimiwa vizuri mwisho wa mstari, akaulizwa habari za nyumbani, na sindano zikaendelea.

Hana kitabu. Ana mfuko wa rambo, mmoja wa ile ya zamani kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019, na ndani yake mna vipande vidogo vya kufuma, kila kimoja na nakshi yake. Mteja akija, mfuko unamwagwa kwenye meza na yeye anachagua. Jirani akitaka kujifunza, anaazimwa kipande, anakwenda nacho kwake, anakigeuzageuza, na mara nyingine anakifumua ili aone kilivyoingia. Ninalipenda sana neno hilo, kufumua. Kwa Kiswahili kuharibu ulichofuma ni kitenzi kile kile, kimerefushwa tu kwa silabi moja, kama kufunga na kufungua. Wafumaji wa Kiingereza wao husema wanachana, kana kwamba kuna ajali imetokea. Zimmermann angelipenda pia. Yeye hufumua bila msiba.

Lina ndugu mwingine, kufumania, lakini hilo tuwaachie waandishi wa habari za mitaani.

Vipande vile havina tarehe wala maneno, ila mama huvisoma. Kuna blanketi moja la zamani nyumbani ambalo lina mistari kama mitano iliyokazwa mno, mpaka nguo imebinuka pale. Niliwahi kumwuliza kulikuwa na nini. Akasema, "Hapo ulikuwa unaumwa malaria." Hakusema zaidi na hakulifumua.

Basi nirudi kwenye lawama niliyoahidi. Seti ya mtoto, mara ya mwisho nilipouliza, mama anauza shilingi 25,000. Inamaliza mabonge manne ya uzi, kila moja shilingi 3,000. Zinabaki 13,000. Seti humchukua siku tisa hivi, kwa namna anavyofuma, yaani kati ya kupika na kufua na kwenda shambani na kuitikia hodi. Haifiki shilingi 1,500 kwa siku. Na bado nimewahi kuwa pale mteja akisema, kwa upole kabisa, "Mama, nipunguzie kidogo. Si unafuma tu huku umekaa?" Mama alimjibu kwamba akifuma amesimama mkono hautulii. Wakacheka. Akampunguzia elfu mbili.

Umekaa. Lugha yetu inatumia neno hilo moja kwa kuketi, kwa kuishi mahali na kwa kutokufanya kitu. Mama anakaa Njombe, amekaa kitini, yuko nyumbani amekaa tu. Nilipokuwa najaza fomu za shule, kwenye nafasi ya kazi ya mama tuliandika "mama wa nyumbani", na mwalimu mmoja alisoma kwa sauti, "hafanyi kazi." Alikuwa na sweta mabegani. Halikuwa la mama, lakini lilifumwa na mtu.

Ndipo hapa Knitter's Almanac inaponiacha njiani. Bei ya saa moja ya kufuma si swali la kitabu hiki. Kinajua kila aina ya kukatizwa isipokuwa kukatizwa na mteja anayeomba kupunguziwa. Mwaka 1974 watoto wa Zimmermann walikuwa watu wazima, na nyumba ilikuwa imeishi miaka mingi kwa mshahara wa fundi bia. Kazi yake ikikatizwa, itaendelea kesho na hakuna ada ya shule itakayochelewa. Simlaumu kwa kuwa na maisha mazuri, hata kidogo. Ninamlaumu kwa sababu alijua. Aliuza nyuzi na vitabu kwa posta, aliendesha kampuni, alipigana na wahariri walioinunua kazi yake na kuiharibu. Mtu huyo ana mengi ya kusema juu ya thamani ya kazi ya mikono, na kila sura inapokaribia hapo, anachekesha. Kicheko chake ni kizuri na kinafunika.

Kuna watakaosema nadai kitabu cha sindano kiwe kitabu cha uchumi. Labda. Lakini Woolf, ambaye tunamsoma kama bingwa wa fikra za ndani, mwaka 1929 alitaja kiasi: pauni 500 kwa mwaka, na chumba chenye kufuli. Aliona aibu kidogo na akasema hata hivyo. Zimmermann ana ustadi wa kufanya kazi bila chumba wala kufuli, ustadi ambao wanawake wengi wa kwetu wanao bila kuandikwa popote, lakini kwenye pauni ananyamaza. Nikiwasoma pamoja ninapata kitabu kimoja ambacho hakuna kati yao aliyekiandika.

Wenzangu wa darasani wameniuliza kwa nini nisiache tu, nikatafuta matini ya Kiafrika ya kuhakiki. Ninaitafuta. Ninachokipata ni vitambaa juu ya makochi, masweta kwenye migongo ya wanafunzi wa Njombe na Makete, na mifuko ya vipande. Riwaya zetu zina akina mama wengi wanaopika na wachache sana wanaofuma, na anayefuma huwa amewekwa pale aonekane ametulia, kama paka dirishani. Hakuna anayehesabu. Mwandishi hajui kwamba huwezi kumfanya mhusika aseme hotuba ndefu yenye hasira katikati ya mstari wa nakshi. Atapoteza hesabu, na ataijua kwamba ameipoteza, na hasira itahamia hapo. Zimmermann angemfundisha mwandishi huyo jambo moja la kiufundi: mpe mhusika wako shali ya Julai, mzunguko wa 48, kisha mwache aseme anachotaka.

Nimeanza kuitafsiri sura hiyo. Si kwa ajili ya tasnifu. Msimamizi wangu ameshaniuliza na nimemwambia hivyo. Nathari yake inaingia kwenye Kiswahili bila taabu, kwa sababu anaandika kama mtu anayeongea na jirani. Maelekezo mafupi ndiyo yanayosumbua, yale yenye vifupisho, maana sisi hatuna vifupisho vya kufuma na sioni sababu ya kuvibuni. Wiki iliyopita nilimpigia mama simu nikamsomea hesabu: 9, 18, 36, 72. Akanyamaza, nikasikia anafuata kwa vidole. Kwenye 288 akaguna. Kwenye 576 akaniuliza upana wake utakuwa kiasi gani, nikamwambia unamfunika mtu mzima mabega na mgongo, na chenji inabaki.

"Ya kuuza au ya kuvaa?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi ya kuvaa," akasema. "Rudia pale kwenye sabini na mbili, kuna mtu mlangoni, usikate."